Mwongozo kamili: kumwajibisha mfanyakazi ambaye ni ndugu, jirani au rafiki yako

Naandika hii kwa sababu watu wengi wanaoniuliza wanakwama palepale. Una kabiashara ka watu sita mpaka kumi na mbili, nusu ni ndugu, waliobaki mnasali pamoja au mmekua mtaa mmoja, kazi inaharibika unaona kabisa, lakini kusema unashindwa. Unavumilia mwezi, miezi mitatu, alafu siku moja unalipuka mbele ya wateja, unamfukuza kwa simu, na jioni mama mkubwa anakupigia anauliza umemfanya nini mwenzio.

Mimi nina bekari Morogoro, tuko tisa. Anayekaa na oveni ni mtoto wa mama mdogo, anayekanda ni mzee aliyekuwa rafiki wa marehemu baba, kaunta yuko wifi yangu. Hatua hizi ndo nazitumia, na mifano ntatoa ya mikate, wewe wa saluni, gereji au duka la dawa badilisha vitu tu.

Kosa dogo likiongelewa wiki hiyohiyo undugu haufi. Linalokaa tumboni nusu mwaka ndo linaua, maana siku ukilitoa linatoka na mengine arobaini.

Andaa hivi vitu kwanza

Usianze kuongea na mtu kama huna hivi, utageuka kuwa mtu wa lawama.

- Kaunta buku mbili. Moja ya uzalishaji, inakaa wazi kila mtu anaandika na kusoma. Ya pili ya mazungumzo, inafungiwa kwenye droo na funguo unayo wewe.
- Maelezo ya kazi ya kila mtu kwa maandishi, na mkataba. Kwa Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakutaka umpe mfanyakazi kwa maandishi kazi yake, mahali, tarehe ya kuanza, saa za kazi na malipo. Ndugu nao wamo, undugu sio mkataba.
- Saa ya ukutani inayosema kweli, na kifaa cha kupimia kazi yenu. Kwetu ni mizani.
- Mtu mmoja wa kukaa kama shahidi huko mbele ikibidi. Atafutwe ambaye sio ndugu yako wala wake.
- Dakika 15 kwa kila mtu kila wiki. Ukisema huna, basi hii kazi hutaiweza, nakuambia ukweli.

Alafu lipa madeni yako wewe kwanza. Kama mshahara wa mwezi jana umeutoa nusu, kama watu wanafanya zamu ya usiku na huwapi ile nyongeza ya asilimia 5 ya sheria, au wanapita saa 45 kwa wiki na ovataimu hulipi, funga huu ukurasa ukalipe. Huwezi kumdai mtu uwajibikaji wakati yeye anakudai hela, atakuitikia tu mdomoni.

Hatua ya 1: Andikeni kazi kwa namba, na muandike pamoja

Asilimia kubwa ya ugomvi unatokea hapa. Bosi anasema "jitahidini", "muwe serious", "kazi iende", na kila mtu anaelewa chake. Mwenye oveni anaamini anajitahidi sana, na kwa akili yake ni kweli.

Kaeni chini mchana kazi ikiwa imetulia, uliza kila mmoja: kazi yako ikiwa imeenda vizuri leo, mtu mwingine ataonaje bila kukuuliza? Sisi tulitoka na hivi:

Zamu inaanza saa 4 usiku. Donge moja gramu 450, kwa sababu likiiva maji yanaondoka linabaki karibu gramu 400 na ndo tunachomuahidi mteja. Mfuko wa unga wa kilo 50 utoe mikate isiyopungua 180. Mikate ya kwanza itoke saa 10 alfajiri, boda wa kwanza aondoke na kreti saa 11. Iliyoungua au kubonyea isizidi 5 kwa kila mfuko. Kaunta ifunge hesabu kabla mtu hajavua aproni.

Sababu ya kuandika pamoja ni kwamba wao wanajua vitu wewe huvijui. Mimi nilitaka iliyoungua iwe 2. Mdogo wangu akanipeleka mpaka kwenye oveni, akaingiza trei mbili za unga mkavu, moja shelfu ya juu moja ya chini, baada ya dakika kumi ya juu ilikuwa kahawia na ya chini nyeupe. Kumbe miezi yote ile nilikuwa namnunia mtu kwa kosa la mashine. Tukaweka 5, na tukakubaliana trei zigeuzwe katikati ya muda.

Tahadhari: usiweke namba nyingi. Kila kazi namba tatu, zikizidi nne hakuna atakayezikumbuka saa 9 usiku.

Utajua umefaulu ukimuuliza yeyote ghafla "kazi yako leo imeendaje" akakujibu kwa namba badala ya "poa tu".

Hatua ya 2: Pima wiki nne, usimseme mtu

Waambie wazi kwamba mnapima na kwamba mwezi huu hakuna atakayeulizwa. Kila zamu inaandikwa kwenye lile daftari la wazi: tarehe, nani yupo, mifuko iliyotumika, mikate iliyotoka, iliyoharibika, saa ya trei ya kwanza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi nayo ni hivohivo.

Kuna kolamu moja usiisahau: SABABU. Umeme umekatika, gesi imeisha, hamira haijafika. Kwenye mwezi wangu wa kwanza trei ilichelewa siku 11. Nne ilikuwa umeme. Tatu zilikuwa za kwangu mimi, nilileta hamira usiku sana. Zilizobaki nne ndo za mtu. Ningeanza kufoka bila ile kolamu ningembebesha mdogo wangu siku 11, na angenidharau kimoyomoyo maana anajua ukweli.

Andika na za kwako kwa mwandiko wako, wakuone.

Hatari ya hatua hii ni kutumia watu kama wapelelezi. Usimuulize wifi "hivi yule usiku huwa analala?" Ukishafanya hivo mara moja tu kazini kunakuwa na kambi mbili. Muulize daftari. Kama daftari nalo halina jibu, nenda usiku mwenyewe.

Hatua ya 3: Undugu upewe mahali pake na kazi mahali pake

Hapa ndo wengi mnaniambia "kwetu haiwezekani". Inawezekana, ila haifanyiki kwa kujifanya hamjuani. Nimeona mtu anamkataza mdogo wake asimuite kaka kazini, amuite bosi. Inaleta chuki bure. Acha majina ya undugu yabaki, tenganisha sehemu na muda.

Mambo ya kazi yanaongelewa kazini, kwenye kiti maalum. Mimi nina benchi nyuma ya stoo karibu na mifuko ya unga, kila mtu anajua tukikaa pale tunaongelea daftari. Nyumbani, msibani, kanisani na kwenye kikao cha ukoo siongelei mikate kabisa, hata nikiulizwa. Na kinyume chake pia, akiwa na shida ya nyumbani haongelei pale kwenye benchi ila tukihitaji kujua sababu.

Na aliyekuzidi umri je? Yule mzee anayekanda namwamkia shikamoo kila siku, nampa kiti kizuri, na maneno yangu yanaanza na "mzee wangu". Alafu namuuliza kuhusu gramu. Heshima inaonekana kwenye namna unavyouliza, haikuzuii kuuliza. Siku moja madonge yalikuwa yanatoka gramu 480, nikasema, "Mzee wangu naomba unisaidie, hapa mfuko umetoa mikate 168 na tulisema 180, tupime wote." Tukapima kumi. Akaona mwenyewe mkono umezidisha, macho yanamsumbua hasomi mizani vizuri. Tukaichora mizani alama ya peni nyekundu palipo na 450 na mambo yakaisha, na sikuwahi kupandisha sauti.

Kwenye grupu la WhatsApp la kazi usimseme mtu hata siku moja, na hata zile meseji za "kuna watu humu wamezidi uzembe" ni mbaya zaidi, kwa sababu mmoja amekosea na wanane wamelala na wasiwasi.

Hatua ya 4: Yale mazungumzo ya dakika 15

Ndo moyo wa mwongozo huu, soma taratibu.

Yafanye kila wiki na kila mtu, hata anayefanya vizuri. Ukimuita mmoja tu siku akiharibu, basi kuitwa kwenye benchi kunakuwa fedheha, wenzake wanachungulia. Wote wakiitwa, inakuwa ni kawaida kama kupokea mshahara.

Muda: baada ya zamu na baada ya kunywa chai, mtu mwenye njaa na usingizi hasikii. Ukiwa na hasira ahirisha mpaka kesho, lakini kesho usiruke.

Mpangilio ni huu: fungua daftari, taja namba na tarehe, uliza ilikuwaje, nyamaza, kubalianeni kitu kimoja, andika, msaini wote wawili. Hii hapa ya kwangu mimi na mdogo wangu, karibu neno kwa neno:

"Karibu kaa. Tuangalie wiki. Jumanne trei ya kwanza imetoka saa 11 kasoro kumi, Alhamisi saa 11 na robo. Tulisema saa 10. Ilikuwaje?"

"Dada nilichelewa kidogo tu."

Nikanyamaza. Kunyamaza ni kugumu sana kwetu, tunapenda kumsaidia mtu kujibu. Usimsaidie. Akachezea kikombe, baadae akasema, "Dada we mwenyewe unajua mke wangu kajifungua. Mchana silali, mtoto analia. Ikifika saa 6 usiku hapa nasinzia nimesimama."

"Mtoto nakuja kumuona Jumapili. Hapa tutafute saa 10 tunaipataje. Wewe unaonaje?"

Akaomba zamu ya mchana. Tukabadilishana na kijana wa maandazi kwa wiki sita, tukaandika. Na kitu kilichoniuma ni kwamba nilikuwa sijampa hata zile siku 3 za likizo ambazo sheria inampa baba mtoto akizaliwa. Niliiandika hiyo kwenye daftari kwamba ni deni langu, nikamlipa siku zake.

Angalia nilichokwepa. Sikusema "umekuwa mvivu siku hizi". Sikusema "baada ya yote niliyokufanyia". Sikuwataja wengine. Maneno "siku zote" na "kila siku" yatoe kabisa, atakumbuka siku moja aliyowahi na mtaishia kubishania hiyo.

Akikutupia undugu, mfano "leo unanifanyia hivi wakati mama yangu ndo aliyekulea", usibishe wala usijitetee. Sema: "Ni kweli alinilea na siisahau. Hii ni trei ya Alhamisi, ilikuwaje?" Rudia kwa sauti ileile ya upole hata mara tatu. Akilia, mpe maji, subiri, endeleeni. Kilio kisifunge kikao, kwa sababu kikifunga mara moja kitakuja kila wiki.

Mmefaulu kama mkiinuka pale yeye anaweza kusema kwa mdomo wake anabadilisha nini na mpaka lini. Ukimuuliza akajibu "ntajitahidi dada", kaeni tena.

Hatua ya 5: Msaada kabla ya onyo

Mtu asiyeweza na mtu asiyetaka ni wawili tofauti, na sheria nayo inawatofautisha. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinamtaka mwajiri kwanza achunguze kwa nini kazi iko chini, amuelekeze au amfundishe mfanyakazi, ampe muda wa kutosha kurekebika, ndo mengine yafuate.

Kwa uzoefu wangu mambo ya muda na mahudhurio wiki mbili zinatosha kuona. Ujuzi kama kukanda au kukata, mpe wiki nne mpaka sita na mtu wa kumuonyesha kwa mikono, maneno matupu hayasaidii. Hapa katikati mazungumzo ya kila wiki yanaendelea, na namba ikipanda hata kidogo isome kwa sauti: "wiki iliyopita zilizoungua 14, wiki hii 8". Watu wetu wamezoea kusikia namba mbaya tu.

Hatua ya 6: Onyo la maandishi

Muda umeisha na hakuna kilichobadilika? Sasa barua. Ukurasa mmoja: mlikubaliana nini na tarehe gani, kilichotokea kwa tarehe na namba, msaada uliotolewa, kinachotakiwa sasa, muda aliopewa, na nini kitafuata. Lugha iwe Kiswahili anachokielewa.

Mpe mkononi mbele ya yule shahidi. Akikataa kusaini usigombane, shahidi anasaini kwamba amekabidhiwa, inatosha. Nafasi ya kujibu kwa maandishi ipo palepale chini ya barua, na akijibu soma kweli, kuna siku jibu litakuonyesha kosa ni lako.

Ndugu apewe barua sawasawa na asiye ndugu. Watu hawakuangalii unavyomuonya kijana wa mbali, wanaangalia utakavyomuonya wifi. Mimi wifi yangu nilimpa barua ya kutofunga hesabu siku nne, nyumbani kulikuwa kimya kama wiki mbili hivi, mume wangu alikuwa katikati na aliumia. Lakini kaunta hesabu zinafungwa mpaka leo, na wale wengine saba walianza kuliamini daftari siku ile.

Wizi, ulevi kazini, kupigana, hiyo ni njia nyingine, ya nidhamu. Unachunguza, unamuandikia tuhuma, unampa kwa kawaida muda usiopungua saa 48 ajiandae, anasikilizwa akiwa na mfanyakazi mwenzake kama anataka. Hata kama umemshika kwa macho yako.

Hatua ya 7: Mshahara usiukate kwa hasira

Hili linaniuma kwa sababu karibu kila anayeniuliza ameshalifanya. "Kaunguza mikate 30, nimemkata." Hairuhusiwi hivo. Kukata kwa ajili ya hasara lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, umuandikie sababu, kiasi na hesabu yake, umpe nafasi ya kupinga, akubali deni kwa maandishi, usizidishe hasara halisi, na makato yasivuke robo ya mshahara. Anayelipwa 240,000 huwezi kumkata zaidi ya 60,000, hata kama hasara ni kubwa, inagawanywa.

Ushauri wangu ni usikate kabisa kwa makosa ya kazi. Ukikata, yeye anaona ameshalipa, mmemalizana, na kesho anaunguza tena akiwa na amani.

Hatua ya 8: Ikifika kuachana

Umefanya yote na imeshindikana. Kaeni kikao cha mwisho, shahidi yupo, mweleze sababu, msikilize, alafu toa uamuzi kwa barua. Anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, au umlipe badala yake. Mlipe siku alizofanya, likizo aliyokuwa hajachukua, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kama ametimiza mwaka au zaidi, mwisho miaka 10. Mpe na cheti cha utumishi. Akiona ameonewa ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko ndo utajua thamani ya lile daftari la droo. Mlioko Kenya sheria yenu ya ajira ya 2007, kifungu cha 41, inataka umweleze kwa lugha anayoielewa mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama kabla hujamuachisha kwa utendaji mbovu au utovu wa nidhamu.

Upande wa familia: yeye ndo awe wa kwanza kujua, kabla ya shangazi yeyote. Siku hiyohiyo jioni nenda mwenyewe kwa mkubwa wa ukoo, usipige simu. Sema uamuzi tu: kazi imeshindikana, tumeachana vizuri, haki zake nimempa. Mafaili usiyafungue, makosa yake usiyahesabu hata wakikusukuma, kwa sababu atarudi kuishi na hao watu. Na akiwa na harusi au msiba wiki ijayo, nenda, kaa mbele, changa kama kawaida.

Baada ya hapo

Mazungumzo ya kila wiki usiyaache kwa sababu kumetulia, wengi wanaacha mwezi wa tatu na wa tano wananitafuta tena. Na ukibadilisha kitu chochote kikubwa, oveni mpya, unga wa kampuni nyingine, mtu wa zamu kaongezeka, rudi hatua ya 1 namba ziandikwe upya na wote mkiwa mezani. Sisi tumebadilisha unga juzi na mfuko sasa unatoa 174, mzee ndo aliyekuwa wa kwanza kuniambia, alikuja na daftari mwenyewe.